Meza Chini ya Mti

 

Leo nataka tuzungumze juu ya nyama ya kuchoma. Usicheke. Huenda ulitazamia nizungumze juu ya kufunga na kuomba, na mazungumzo hayo yana majira yake. Lakini mwezi wa Desemba katika sehemu zetu ni mwezi wa moshi. Vijana watoka jandoni, arusi zafungwa, watoto wa mjini warudi nyumbani kwa Krismasi, na wale waliopata Kipaimara wafanyiwa sherehe na wazazi wao. Katika kila boma moto wawashwa nje, mbuzi achinjwa, na viti vya kanisa vyaazimwa hata Kasisi hana pa kuketi. Wako watu wengi wasiokuja kusikia mahubiri yetu Jumapili. Sijamwona bado asiyekuja kula.

Basi akina mama wa kanisa huniuliza: Pasta, tukiwapokea wageni wengi nje, tutapangaje meza? Ni swali jema, na jibu lake limo katika Maandiko kuliko mnavyodhani.

Tufungue kitabu cha Mwanzo, mlango wa 18. Ibrahimu ameketi mbele ya hema yake huko Mamre, penye miti, jua likiwa kali. Anatazama, anaona watu watatu. Mzee huyu mwenye karibu miaka 100 anapiga mbio kuwapokea. Anawaahidi jambo dogo tu: maji ya kunawa miguu, kivuli, na mkate kidogo wa kutia nguvu. Lakini tazama alichofanya. Alimwomba Sara aoke mikate kwa vipimo vitatu vya unga mzuri. Ukivigeuza vipimo hivyo vya zamani kuwa vya kwetu, unapata zaidi ya lita 20, yaani debe zima la unga na zaidi, kwa wageni watatu! Naye mwenyewe akaenda kundini kuchagua ndama. Biblia yetu ya Kiswahili inataja siagi katika karamu ile, lakini neno la Kiebrania lina maana ya maziwa yaliyoganda. Mkipsigis akiambiwa hivyo hahitaji mwalimu wa chuo cha theolojia kumfafanulia. Anaiona sotet mbele yake, kibuyu kilichopakwa ndani mkaa wa mti wa senetwet, na mursik ikimiminwa.

Kisha kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Wageni walipokuwa wakila, Ibrahimu hakuketi. Alisimama karibu nao chini ya mti. Tajiri yule, mwenye watumishi wengi, alisimama mwenyewe ili aone kama kila mmoja amepata.

Hapo ndipo penye jambo letu la leo. Chakula cha ndani ya nyumba hupikwa sufuriani, kikaiva chote pamoja, kikapakuliwa. Nyama ya kuchoma haiko hivyo. Hutoka motoni kipande kwa kipande, saa kwa saa. Mbavu huiva mapema, paja huchelewa, na shingo ni ya mwisho. Kwa hiyo mwenye karamu hana budi kuamua nani apate kwanza, nani angoje. Tena karamu ya nje haina ukuta. Kila jicho laona sahani inakwenda wapi. Kabla hujasimama kutoa shukrani zako, wageni wamekwisha kujua ni nani kati yao unayemhesabu kuwa mtu.

Sasa tuanze na mahali. Sisi wa Sotik twajua tabia ya mbingu yetu. Asubuhi ni jua zuri, majani ya chai yang'aa. Ifikapo saa nane au saa tisa mawingu yamejikusanya kutoka upande wa Ziwa Victoria, na mvua yashuka, mara nyingine na mawe yake. Kwa hiyo karamu ya nje ambayo chakula chake kitatolewa saa kumi ni karamu ya kulowa. Panga watu wale saa sita na nusu, ama saa saba. Ukisema saa sita, wageni watafika saa saba. Hilo nalo twalijua. Funga turubai mapema, lielekee chini upande mmoja ili maji yasikusanyike juu ya vichwa vya wazee. Usiweke meza chini ya mkaratusi mkubwa, kwa maana matawi yake huanguka bila kupiga hodi. Simama kwanza uone upepo unavuma wapi, ndipo uweke moto upande ambao moshi utakwenda zake shambani. Nimeona mgeni wa heshima akihutubia huku analia machozi, na watu wakadhani ameguswa na Roho.

Moto uwashwe saa nzima kabla ya nyama kuwekwa. Kuni za muwati ni nzuri kwetu, na mkaa wake pia. Usichome vipande vya mbao vyenye rangi wala nguzo zilizotiwa dawa. Sumu yake hupanda na moshi mpaka kwenye nyama. Ngoja ndimi za moto zizime, makaa yafunikwe na jivu jepesi. Vijana hawapendi kungoja. Huweka nyama juu ya moto unaowaka, ikawa nyeusi nje na mbichi ndani, kisha husema ndiyo desturi. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, sogeza nyama kando, usimwagie maji. Chumvi na maji yake yatosha. Sijui ni nani aliyetufundisha kuificha mbuzi wa Kericho na Bomet chini ya viungo vya dukani.

Juu ya kiasi, mbuzi wa kadiri wa kienyeji hutoa kilo 12 mpaka 15 za nyama pamoja na mifupa. Ukihesabu nusu kilo kwa mtu mzima, mbuzi mmoja ni watu 25 hivi, na ukiwa na ugali, kachumbari na mboga za kutosha, kama saga na managu, atafikisha 30. Wageni 60 ni mbuzi wawili na mioto miwili, tena usisahau ile mioto miwili. Nitarudi kwake.

Hapa nataka niseme kwa ukali kidogo juu ya nyama yenyewe. Kenya imekuwa na sheria ya kukagua nyama tangu mwaka 1972, lakini wengi wetu tukichinja nyumbani twaona mkaguzi ni mtu wa buchani tu. Mwite. Malipo yake ni madogo kuliko jeneza. Mnyama aliyekutwa amekufa, hasa akitoka damu puani au nyuma isiyoganda, usimpasue, usimchune, usimle, hata kama ni ng'ombe wa thamani na wageni wamekwisha kualikwa. Huo waweza kuwa kimeta. Wako waliokufa kwa kumchuna tu, wala hawakuonja. Na vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi, vikimngoja ng'ombe mwingine. Mwite afisa wa mifugo. (Neno ambalo Wazungu hutumia kwa ugonjwa huu limetoka katika Kiyunani, nalo maana yake ni kaa la moto, kwa sababu ya kidonda cheusi kinachotokea ngozini. Litunze neno hilo. Tutalikuta tena mbele.) Na mkiona malengelenge ya maji katika ini au mapafu, msimtupie mbwa. Zikeni chini sana au choma kabisa, kwa maana mbwa akila hurudisha ugonjwa ule kwa watoto wanaocheza naye.

Kisu kilichokata nyama mbichi kisikate iliyoiva, wala ubao wake usitumike mpaka uoshwe kwa maji moto na sabuni. Nyama iliyotoka motoni isikae wazi mezani zaidi ya saa mbili. Maziwa ya mursik yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe katika sotet. Nayo sotet isafishwe vema kwa sosiot kama mama zetu walivyotufundisha.

Na maji ya kunawa! Mahali pengi beseni moja hupitishwa kutoka kwa mzee wa kwanza mpaka mtoto wa mwisho, na yule wa mwisho hunawa mikono ya wote waliomtangulia. Weka jerikeni yenye bomba, au hata iliyotobolewa tundu na kuzibwa kwa kijiti, maji yatiririke. Weka sabuni. Weka pande mbili, si karibu na wakubwa peke yao. Afadhali zaidi, msimamishe kijana mwenye birika amwagie kila mtu mikononi. Ibrahimu alianza na maji.

Haya, meza. Kitambaa safi ni kizuri, na kikifungwa pembeni kwa kamba au kuwekewa mawe madogo katika pindo, upepo hautakichukua. Vikombe vipinduliwe mpaka wakati wake, inzi wasivitangulie. Kachumbari ifunikwe. Chumvi iwe katika visahani vidogo vingi. Kila meza iwe na ubao wake wa kukatia nyama, kisu chake, na kijana wake wa kuhudumu ambaye anajua hiyo ndiyo meza yake. Kama huna meza za kutosha, tandika mikeka na majani. Bwana wetu alipowalisha watu 5,000, Marko katika mlango wa 6 asema waliketi kwenye majani mabichi, mafungu mafungu ya watu mia na ya watu hamsini. Yesu hakuwa na meza hata moja, lakini alikuwa na utaratibu. Ukiwaketisha watu mafungu mafungu waweza kuhesabu, na ukihesabu hutamsahau mtu.

Lakini wengi wetu tukisikia kupanga meza twafikiria ile moja inayoitwa meza kuu. Mmeiona. Ina turubai lake peke yake, vitambaa vyeupe, maua, soda za kila rangi na chupa za maji. Mkuu wa shule, diwani, mwenyekiti wa kiwanda, na sisi makasisi, Mungu atusaidie, twaketishwa pale. Mbavu za kwanza zatujia zikiwa bado zinalia. Mbele kidogo ni jamaa wa karibu. Mbali, karibu na ua wa chai, ni watu wengine.

Siku moja nilikuwa katika karamu ya arusi, sitasema ya nani. Walikuja wachumaji chai wanne wa shamba lile lile. Walikuwa wamealikwa kwa kadi, tena walikuwa wametoa mchango wao kama watu wote. Walikuja na viatu vyao vya mpira, kwa sababu walikuwa wamechuma mpaka saa tano. Mtu mmoja wa kamati akawatazama miguuni, akawaelekeza nyuma ya jikoni. Waliletewa nyama saa kumi na moja, vipande vya shingo, mafuta yamekwisha kuganda juu ya sahani. Nilipokwenda kuwasalimu mmoja wao, mzee wa makamo, aliniambia bila hasira yoyote: Pasta, tulialikwa, lakini hatukungojewa.

Ndugu msikilizaji, naomba ulishike neno la mzee huyo. Katika Luka mlango wa 14 Yesu ni mgeni katika nyumba ya mkubwa mmoja wa Mafarisayo. Anawatazama wageni wanavyogombania viti vya mbele, naye hanyamazi. Kwanza anawafundisha wageni waende kuketi nyuma. Kisha anamgeukia mwenye karamu, na maneno yake ni mazito: usiwaalike wale tu watakaokualika nawe; waalike wale wasio na kitu cha kukurudishia. Sisi tumekuwa hodari wa kuyatimiza nusu yake. Twawaalika, kisha twawapeleka nyuma ya jikoni. Na Yakobo katika mlango wa 2 wa waraka wake amekwisha kutuandikia habari za mtu mwenye pete ya dhahabu akipewa kiti kizuri, na maskini akiambiwa asimame kule. Aliandika juu ya kanisa, lakini angefika katika karamu zetu asingebadilisha neno.

Sasa tufanyeje? Sisemi wazee wasiheshimiwe. Kwetu mzee hupewa kiti kwanza, na kila ukoo una desturi yake juu ya sehemu za nyama, ipi ni ya wazee na ipi ni ya wanawake. Waulize wanaojua, uifuate. Kumheshimu mzee ni jambo moja, kumfedhehesha jirani ni jambo lingine. Wala sisemi ufute meza kuu, diwani hatakusamehe. Nasema mambo machache ambayo nimeona yakifanyika vizuri.

Ile mioto miwili niliyoitaja, iwe pande mbili za uwanja, mmoja huku na mmoja kule, kila mmoja na wachomaji wake. Hapo hakuna meza iliyo mbali na moto. Mbavu za kwanza zisikimbizwe mezani zikiwa chache. Ziweke kando ya moto katika sufuria iliyofunikwa, zikae moto, mpaka ziwepo za kutosha kila ubao. Kisha zitoke zote mara moja, na vijana waanzie meza za mbali waje karibu. Wale wa mbele hawatakufa kwa dakika 3. Kila ubao upate mchanganyiko: mbavu, paja, na shingo kidogo. Watu wakizidi mia, wengine huchemsha nyama kidogo kwanza, ndipo huimalizia juu ya makaa. Mimi siipendi ladha yake, lakini ikiwa ndiyo itakayomfikishia mtu wa mwisho nyama ya moto, ichemshe.

Wazee wasio na meno watengewe supu ya mifupa na ini laini. Watoto wale pamoja na watu, wasingoje mifupa. Hotuba ziwe baada ya chakula, na sala ya chakula iwe fupi. Nawaambia hata wenzangu: Mungu husikia sala ya nusu dakika, na mafuta ya mbuzi hayangoji zaidi ya hapo.

Na mwenye karamu asimame. Hili nalisisitiza. Baba wa nyumba akiwa amekaa kati ya wakubwa hataona kitu. Akitembea kama Ibrahimu, akipita meza kwa meza na birika ya chai, ataona mwenyewe nani ana sahani tupu.

Sisi wa Sotik tuna sababu nyingine ya kuangalia sana jambo hili. Ukitoka Kaplong ukashika barabara ya Kisii, hufiki mbali kabla ya kufika mpakani mwa Wakipsigis na Wakisii. Soko la Chepilat liko hapo hapo. Mwaka 1992 watu wa pande zote mbili walijua mishale na moto. Na mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi, soko lile lilichomwa, na watu waliokuwa wakiuziana ndizi na maziwa wakaogopana. Tangu hapo wameanza tena kununua na kuuza, na hilo ni jema. Lakini kununua kwa mtu si sawa na kula naye. Waweza kumnunulia mtu ndizi miaka 10 bila kujua jina la mke wake.

Kwa hiyo ukiwa na arusi au sherehe ya mtoto, mwalike jirani wa ng'ambo. Ukimwalika, mngoje kweli kweli. Ndugu zetu wengi wa Kisii ni Waadventista Wasabato. Basi ukifanya karamu yako Jumamosi, hujawaalika, hata kama umewapelekea kadi yenye maua. Fanya siku nyingine. Tena wako kati yao wasiokunywa chai. Najua, katika nchi yetu hii habari hiyo yasikika kama kufuru! Lakini usimsimamie mtu na birika ukimwuliza chai yetu ina kosa gani. Weka uji, weka maziwa moto, umpe kabla hajalazimika kueleza dini yake mbele ya watu. Na ukiwa na jirani Mwislamu pale mjini Sotik, mwombe yeye au mwenzake achinje yule mbuzi. Ni jambo la dakika chache, na litamwezesha kula pamoja nanyi bila wasiwasi. Ama pombe, iache kabisa. Nimewazika wengi mno.

Mambo haya ni madogo. Lakini mtu akija akakuta kikombe cha maziwa moto kilichotayarishwa kwa ajili yake, hahitaji kuambiwa kwamba alikuwa akingojewa.

Naomba turudi tena Mamre, kwa sababu kuna mtu tumemsahau. Ibrahimu amesimama, wageni wanakula, na Sara yuko wapi? Yuko hemani. Aliyekanda debe zima la unga haonekani. Na mara tu baada ya kula, katika mstari wa 9, wageni wanamwuliza Ibrahimu mke wake yuko wapi. Ni swali la kwanza kutoka midomoni mwao. Hawakuuliza habari za ng'ombe wala za mali. Na ahadi waliyokuja nayo ilikuwa ya Sara.

Katika karamu zetu ningependa mgeni wa heshima asimame aulize swali hilo. Wako wapi waliopika? Wamekuwa macho tangu saa tisa ya usiku, wamechota maji, wamesonga ugali kwa mwiko ulio mrefu kama mtoto, macho yamekuwa mekundu. Watu wakiimba na kupiga picha, wao wanakwangua masufuria, na wakila ni ukoko na mchuzi. Basi pangeni meza yao kabla ya kupanga meza nyingine yoyote. Chukueni sehemu yao ya nyama ikiwa bado mbichi, iwekwe kando, ichomwe wakati wao. Nanyi vijana wa kiume mliofuga misuli, sahani 60 hazitawashinda. Parokiani kwetu vijana walianza kuosha vyombo kwenye sherehe moja ya Kipaimara. Wazee wengine walinung'unika siku ile. Siku hizi hawanung'uniki, maana mama zao na wake zao wanaketi nao wakila.

Nikasema tutakutana tena na lile neno la Kiyunani la makaa. Katika Agano Jipya, neno lenye maana ya moto wa makaa limo mara mbili tu, na mara zote mbili ni katika Injili ya Yohana. Mara ya kwanza ni mlango wa 18: usiku wa baridi, uani kwa Kuhani Mkuu, watumishi wameuwasha moto, na Petro amesimama akiota pamoja nao. Penye moto ule ndipo alipomkana Bwana. Mara ya pili ni mlango wa 21, kando ya bahari ya Tiberia. Wanafunzi saba wamefanya kazi usiku kucha. Wanapofika pwani asubuhi wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Aliyeuwasha ni Yesu mwenyewe, Bwana aliyefufuka. Amewachomea chakula nje, penye upepo.

Tazama alivyofanya. Hakuanza na hotuba. Petro alikuwa na deni kubwa, na kila mtu pale alilijua. Yesu aliwaita waje wale kwanza. Tena, ingawa alikuwa na samaki wake tayari motoni, aliwaambia walete na wale waliovua wao, ili nao wawe na sehemu katika karamu. Akachukua mkate akawapa kwa mkono wake, na samaki vivyo hivyo. Walipokwisha kula, ndipo alipomwuliza Petro mara tatu kama anampenda. Harufu ya makaa ilikuwa bado puani mwake.

Huenda katika boma lako Desemba hii yuko mtu wa namna hiyo. Ndugu mliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba baada ya baba kufa. Mwana aliyekwenda Nairobi akapoteza pesa za ng'ombe. Utajua amefika kwa sababu atasimama mbali, karibu na lango, akijifanya anatazama barabara. Usimtume mtoto kumwita. Na usimwambie tutazungumza. Mpelekee kiti na nyama ya moto, tena mwambie alete kuni, au akate kachumbari, apate kazi ya mikono. Mazungumzo yatakuja yenyewe jioni, watu wakiwa wamepungua na makaa yamebaki.

Lililobaki ni la upesi. Usiuze ng'ombe wako wa pekee wa maziwa, wala usikope juu ya bonasi ya chai, ili upate kusifiwa siku moja. Kuku wawili na mboga vyaweza kuwa karamu, na Mithali mlango wa 15 husema wazi kwamba mboga za watu wanaopendana zashinda ng'ombe mnono wa watu wanaochukiana. Kabla watu hawajaanza kula, tenga mafungu ya wale wasioweza kuja, kama Nehemia alivyowaagiza watu wake katika mlango wa 8: bibi aliye kitandani, mlinzi wa kiwanda aliye zamuni, mama aliyejifungua jana. Ukingoja mpaka mwisho, utawapelekea mifupa.

Moto uzimwe kwa maji, ufukuliwe, uzimwe tena, maana watoto hukimbia penye jivu usiku. Jivu likipoa kabisa, litawanye kidogo kidogo katika bustani ya sukuma wiki. Rudisheni viti vya kanisa mnavyovikuta, yaani vikiwa na miguu minne. Na zile sufuria mlizoazima kwa majirani, kwetu chombo hakirudishwi kitupu. Zioshwe, zikaushwe, na ndani ya kila moja kitiwe kipande cha nyama kilichofungwa katika jani la mgomba. Mzirudishe wenyewe, asubuhi ya kesho yake, wala msingoje mwenyewe aje kuziuliza.

Wakati wetu umekwisha. Bwana awe nanyi, na karibuni Sotik.